Chumba cha Kaskazini

Mjukuu wangu,

Chai iko kwenye chupa. Maharage yaangalie, yasikauke maji.

Simu yako ninayo mimi. Ulipokwenda dukani, yule mama mwenye chumba cha bei nafuu ulichotaka kupanga kule kaskazini, kwenye mji wa msituni, alipiga kuuliza kama bado unakuja. Nikamwambia huji tena.

Kitendawili: nani hupokea simu isiyo yake, akajibu kwa kichwa chake? Usinipe mji, jibu unalijua.

~~Nilihofia dubu na baridi.~~ Hapana, nisikudanganye. Niliona unavyofurahia kuondoka, roho ikaniuma.

Nimekwenda nayo simu kwa fundi cherehani anitafutie namba humo, maana mimi najua kupokea tu, nimwombe yule mama akurudishie chumba. Nikirudi nimeinamisha kichwa, usiniamkie. Nigombeze kwanza.

Bibi yako