Gari la Mmarekani Linalonukia Udi

Ruwi, Maskati
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa Baba yangu, Mzee Athumani,

Shikamoo Baba. Mimi mzima wa mwili, ni kifua tu kinachonisumbua kwa vumbi na moshi wa kazini. Nataraji goti lako limetulia, na Mama sukari yake haijampanda tena. Je, michungwa imeshika maua? Huku hakuna majira ya kuulizana, ni joto na joto zaidi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Ameibeba dada Mwajuma, mtu wa Korogwe anayefanya kazi za ndani kwa familia moja hapa, anakuja likizo. Nimemwomba akupe mkononi mwako, wewe na si mwingine. Simu yako siiamini. Kila nikipiga anapokea shemeji Rajabu, na hata nikikupata wewe anaweka sauti ya juu ili asikilize. Ninayokuandikia hayatampendeza. Yatakukera na wewe pia, lakini vaa miwani usome yote kabla hujanitukana.

Baba, usibadilishane shamba la Bibi na lile gari la Rajabu. Usitie sahihi kwa mwenyekiti wa kijiji. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiichana barua hapa, liwe limeshakufika.

Najua unavyompenda Mmarekani. Nyumbani kwetu kampuni ile ya magari haikuwahi kuwa na jina jingine. Lori ulilokuwa ukiendesha kwenye shamba la mkonge lilikuwa Mmarekani, na kwa sababu yake sisi wanao tulilelewa tukijua kuwa duniani kuna Mmarekani na kuna makopo. Ulitusimulia habari za mwanzilishi wake kama vile mlichunga mbuzi pamoja: alivyoanzia kwenye banda, jirani zake wakimcheka, mpaka akaunda magari ambayo hata kibarua aliweza kuyanunua. Ulisema lori lako lilipita kwenye tope mahali ambapo trekta lilinasa. Siku niliyosema gari la Mjapani halisumbui kwa vipuri, hukunisemesha siku mbili.

Kwa hiyo nilipopata kazi mtaa wa Ghala, kwenye eneo la magereji, katika gereji inayotengeneza magari ya kampuni hiyohiyo, wewe ulichinja jogoo. Nami nilijivuna, siwezi kukataa. Ofisini kwa bosi kuna bango refu la historia yake, kuanzia gari la kwanza lenye matairi membamba mpaka haya ya leo yanayofunguliwa kwa kitufe. Lori lako limo. Mwezi wa kwanza nililipiga picha nikakutumia, ukamwonyesha kila aliyepita barazani.

Bango halisemi yote, Baba. Halionyeshi viwanda vilivyofungwa huko kwao wala wafanyakazi waliorudishwa nyumbani wakiwa wameshazeeka. Halionyeshi kwamba gari linaitwa la Marekani na nusu ya vipande vyake vimetengenezwa kwingine. Hayo nimeyajua kwa kusoma maandishi ya kwenye vipuri, na kwa kuwasikiliza wenye magari wanapongoja kwenye viti vya plastiki. Vijana wanamsifu kwa mngurumo. Madereva wa makampuni wanamlaani kwa mafuta anayokunywa. Kuna mwalimu mmoja mwanamke, Mwomani ambaye wazee wake walitoka Unguja, gari lake limebadilishwa giaboksi mara mbili. Nikamwuliza kwa nini haliuzi. Akacheka: "Mume wa ujanani huyu, ntamwacha vipi?"

Lakini niliyempenda kuliko wateja wote ni Bwana Nassor. Naye ni wa asili ya Unguja, alikuja huku kijana, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Alikuwa na gari kubwa jeupe la Mmarekani, la viti vya safu tatu. Alilichagua kwa sababu mkewe hatembei, na kiti chake cha magurudumu kiliingia nyuma bila kukunjwa. Kila alipokuja alinitafuta mimi tuongee Kiswahili. Nilimsimulia habari za lori lako. Akasema, "Baba yako anajua gari. Msalimie sana, mwambie nna Mmarekani wangu na mie, sitaki jengine." Nilikufikishia salamu hizo, bila shaka unazikumbuka.

Sasa sikiliza. Mwaka huu mvua ilinyesha hapa kwa namna ambayo wenyeji wenyewe walitoka milangoni kutazama. Makorongo yao wanayaita wadi, mwaka mzima ni makavu, watu wanaegesha humo na kucheza mpira. Yalishuka maji ya udongo kwa saa chache yakakusanya magari na kuyarundika. Gari la Bwana Nassor lilikutwa limepanda juu ya jingine, tope limefika kwenye usukani. Alhamdulillahi halikuwa na mtu. Bima ikamlipa mwenyewe ikalichukua, kisha yale mabovu yote yakapigwa mnada, na bosi wangu akanunua mengi.

Bosi wangu, Bwana Khalfan, naye anaongea Kiswahili. Babu yake alikuwa na duka Tabora. Anatuita "ndugu zangu" tangu asubuhi mpaka tunafunga. Alitukusanya akasema, "Ndugu zangu, hizi haziuzwi hapa. Hapa mtu anatazama kwenye kompyuta, anajua gari iliingia maji. Hizi zinakwenda kwenu." Alisema hivyohivyo, kwenu, huku akitugawia soda. Tulikuwa Watanzania wanne na Wakenya wawili, na tukazinywa.

Tuling'oa viti na mazulia, tukaosha, tukaanika juani. Tulifuta nyaya zinazofikika. Zisizofikika tukaziacha na tope lake, kwa sababu kulifungua gari zima ni kazi ya wiki na bosi alitaka siku mbili. Wewe ni dereva wa zamani, sijui kama unaelewa haya magari mapya: breki zake, usukani wake, mifuko yake ya hewa, vyote vinaongozwa na waya. Tope likikaa kwenye kiunganishi cha waya linakula shaba polepole. Gari linawaka vizuri, linatembea vizuri, kisha siku moja likiwa mwendoni linazima kila kitu. Hilo si kosa la Mmarekani. Hata lingekuwa la Mjapani lingekufa hivyohivyo.

Kilichotushinda kilikuwa harufu. Tope la wadi likikauka linanuka mzoga. Tulijaribu sabuni, ndimu, manukato ya kuning'iniza, wapi. Mnunuzi yeyote angefungua mlango akajua. Ndipo mtu mmoja akasema, kwetu chumba kikipata harufu mbaya tunakifukiza udi, kwa nini tusifukize? Bosi akacheka mpaka akashika tumbo. Akaenda madukani Hamriya mwenyewe akanunua udi na chetezo. Tukafunga vioo, tukaweka chetezo sakafuni mwa gari, moshi ukaingia kwenye viti na mikanda. Baada ya siku moja gari likanukia kama chumba cha bibi harusi, na bosi akampa mtu huyo cheo cha kusimamia usafishaji.

Mtu huyo ni mimi, Baba. Ilikuwa akili yangu, hakuna aliyenilazimisha kuitoa.

Bwana Nassor alikuja siku tunalifukiza la kwake. Alikuwa anatafuta tasbihi ya marehemu mama yake iliyobaki kwenye droo ya mbele. Alisimama mbali kidogo, akatazama moshi unavyotoka mlangoni. Akaniuliza, "Mnaipeleka wapi?" Nikamwambia Afrika. Halafu akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya upole, "Mwanangu, hii maiti hii. Maiti huoshwa ikazikwa. Nyie mnaiosha mkaiuze?" Nilimpa tasbihi yake, nilikuwa nimeiosha, akaipokea bila kunitazama. Hajanitafuta tena tuongee Kiswahili.

Nilijitetea moyoni kwamba litanunuliwa na tajiri fulani wa Dar, mtu nisiyemjua, mwenye magari mengine. Ndivyo anavyojitetea kila mtu hapa gerejini. Afrika ni kubwa, tunasema.

Kisha dada yangu Zaina akanitumia ile picha, na sauti yako aliyoirekodi. Umekaa kwenye kiti cha mbele cha gari jeupe, mlango wa nyuma una mkwaruzo mrefu chini ya kitasa. Mkwaruzo ule naujua. Ni wa kiti cha magurudumu cha mke wa Bwana Nassor, niliwahi kuupaka rangi mara mbili na mwenye gari hakutaka tena, akasema uache tu, utakwaruzika tena. Sauti yako nimeisikiliza mara nyingi hata maneno nimeyashika: "Salehe, gari linanukia udi mpaka kwenye mikanda. Aliyekuwa nalo alikuwa mcha Mungu. Sikufungua hata boneti, nimeshalipenda."

Hukufungua boneti! Wewe, uliyekuwa ukinusa mafuta ya injini ya kila gari lililosimama mbele ya nyumba yetu, hata la mkuu wa wilaya! Rajabu angekuletea gari linalonuka tope ungemfukuza na fimbo. Tumekupata kwa udi, kwa sababu wewe ni mtu wa kwetu, na kwa watu wa kwetu nyumba inayonukia udi ina watu wenye heshima. Mzungu angefungua mlango akakohoa, akauliza kwa nini limefukizwa. Mimi nilijua mtu wa namna gani hatauliza. Nilijua kwa sababu nimelelewa naye.

Na bado sijamaliza kujiaibisha. Siku ile Zaina aliponipigia, akakupa simu, ukaniuliza, "Mwanangu fundi, unasemaje?" Nilisikia Rajabu akicheka pembeni, na wewe ulikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu ustaafu. Nikasema, "Hongera, Baba." Ndivyo nilivyosema. Neno lile nimelirudia peke yangu wiki nzima. Wewe ulilichukua kama kauli ya fundi, na Zaina anasema sasa unamwambia kila mtu kwamba Salehe wa Maskati amelipitisha gari.

Sijui Rajabu anajua kiasi gani. Pengine naye amelichukua kwa dalali wa bandarini bila kujua. Lakini anajua thamani ya lile shamba lililo kando ya barabara, hilo analijua vizuri. Usimgombeze mbele ya Zaina kabla hujahakikisha. Fanya hivi: mwambie unataka kulikagua tena. Ng'oa zulia la chini ya kiti cha dereva, pale pembeni mwa mlango, kuna kifuniko cha plastiki. Kifungue kwa bisibisi, pitisha kidole ndani kabisa. Utatoa udongo laini wa rangi ya kahawia. Mwonyeshe Rajabu kidole chako, usiseme neno, halafu urudi nyumbani kwa miguu.

Unataka gari hilo ili umpeleke Mama kliniki mjini na wajukuu shule. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Nakuona kwenye ule mteremko, lori la mchanga liko mbele yako, Mama yuko kiti cha pembeni, na wewe unakanyaga breki unamwamini Mmarekani.

Utaniuliza kwa nini siachi kazi. Pasi yangu anayo bosi, na mkataba haujaisha. Hayo ni kweli na ni visingizio pia. Jana nimefukiza magari mawili, sikukataa. Yanakwenda Mombasa. Nikiyafukiza niliwafikiria baba za watu, kwa mara ya kwanza, na mikono iliendelea kufanya kazi. Sikuombi unisamehe, sijui hata kama nimeshafika mahali pa kuomba. Nakuomba shamba tu. Bibi alilipanda kwa jembe, lisichukuliwe na tope la Oman.

Kama barua hii imechelewa na umeshatia sahihi, basi usimlaani Rajabu peke yake. Yeye alikuwa dalali tu, Baba. Gari lile umeuziwa na mimi.

Unisalimie Mama, mwambie aendelee kunywa dawa hata siku anazojisikia vizuri. Mama mdogo Halima, aliyenifungia mizigo siku nasafiri, mpe mkono wangu. Ustadh wa madrasa mwombe aniombee dua, usimwambie ya nini. Zaina mbusie watoto wake kwa niaba yangu, na umwambie asipande gari hilo hata kwa kufika sokoni. Kwa mumewe sina salamu ya leo.

Nijibu kwa mwandiko wako, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni tusi. Mwajuma anarudi baada ya mwezi. Nitakwenda kumpokea uwanja wa ndege, na kama hana kitu mkononi nitakuwa nimeelewa.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,

Salehe