Attracta Gilrane na Uso wa Jiwe wa Kilbrannagh

Mwaka mzima umetimia sasa, Mama, tangu asubuhi ile ya Februari ulipoketi kitandani kuvaa viatu, ukafunga kamba za kimoja, kisha ukatuacha.

Waliopanda basi lako dogo la kijani pale Drumshanbo wanakukumbuka kwa wema. Uliwapeleka kwenye maporomoko ya Glencar, ukawazungusha Ziwa Allen, ukawapandisha kilimani Kilbrannagh kwenye kanisa bovu, na saa kumi jioni kila mmoja alishika kikombe cha chai na kipande cha mkate wa zabibu ulioupika mwenyewe. Mvua ilipowakuta njiani uliwaambia, "Hii si mvua, ni ukungu wenye haraka." Yule bibi wa Kijerumani aliyeshindwa kuvuka ukuta wa mawe ulimbeba mgongoni, nawe ulikuwa na miaka sitini na minane.

Lakini ulikuwa mtu wa kushuku, hatutakuremba leo. Abiria uliwahesabu mara tatu. Ulishuku mayai ya dukani, ulishuku utabiri wa hali ya hewa wa redioni, ulimshuku mwanamume yeyote anayevaa miwani ya jua katika kaunti yetu ya Leitrim, ambako jua ni mgeni. Sisi tulikucheka.

Septemba ya mwaka juzi akaja yule mgeni mpole mwenye koti la kijivu. Alikuwa amepanga nyumba kando ya ziwa, akapanda basi lako mara tatu ndani ya wiki moja. Wenzake wakitazama milima, yeye alibaki kwenye ukuta wa kanisa, mbele ya ule uso wa mwanamke uliochongwa kwenye jiwe, ukubwa wake kama mkate, ambao umewatazama watu wa Kilbrannagh tangu kabla ya babu za babu zetu. Siku ya tatu ulimkuta anaupima.

"Mgeni hupiga picha," ulimwambia binti yako Dervla jioni ile. "Huyu ana futi kamba. Halafu ananiuliza kama Alhamisi Packie ataliacha shamba la kanisa aende mnadani. Amejuaje?"

"Mama, kila mtu anajua Packie huenda mnada wa ng'ombe kila Alhamisi."

"Kila mtu wa hapa," ulijibu. "Kuna wa hapa anayempa habari."

Ijumaa ilipofika, ukutani palikuwa na shimo tu.

Packie Mulvey ndiye mwenye shamba linalolizunguka kanisa. Alhamisi jioni, akirudi mnadani na gari lake, alikuona unashuka kilimani peke yako, huna koti la mvua, mikono imejaa udongo. Akakukabili dukani mbele ya watu.

"Attracta, siku hizi unalima viazi kanisani?"

"Nilikwenda kusali."

"Kwa kucha?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Polisi walikuja wakakuhoji jikoni, ukawapa chai lakini hukuwapa neno. Kufikia Oktoba nyumba za wageni zilikuwa zikiwaelekeza watu kwa dereva mwingine. Basi likakaa uani, likaota ukijani wa pili, wa kuvu. Misani ulikaa benchi peke yako, kulia wazi, kushoto wazi.

Na sisi wanao? Tuseme kweli. Dervla alikuuliza, "Mama, umelichukua lile jiwe?" Ukamjibu, "Nani kakutuma?" Mwanao Ultan hakuuliza. Jumapili moja ulipokuwa misani alilipekua basi lako, akainua zulia, akatoa mpaka tairi la akiba. Mchana ulimpakulia viazi, ukamtazama.

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye basi, Ultan?"

"Nini? Wapi?"

"Zulia umelirudisha kinyume."

Akainamisha kichwa. "Jiwe, Mama. Nilitaka nilirudishe."

"Ulirudishe kwa nani?"

"Unauliza swali gani hilo?"

Ulimsogezea sahani. "Haya. Kula," ukasema. Kuanzia siku hiyo ulifunga chumba chako kwa ufunguo, nasi tukauona ule ufunguo kuwa ushahidi. Tulinong'onezana jikoni. Ulipoingia tulizungumzia ng'ombe.

Mgeni yule alihama baada ya Krismasi. Ikaja barafu, kikaja kifua chako, ikaja Februari. Mwili wako ulipolazwa sebuleni watu walikuja kukuaga, lakini walitazama na kabati pia. Packie alikufanyia ishara ya msalaba, kisha akalikodolea macho jeneza lako kama mtu anayekadiria uzito. Ultan alimwona, akataka kumtoa nje, akaacha, kwa sababu hata yeye usiku ule alikuwa amepapasa chini ya godoro lako.

Mwezi wa nne polisi wa kaunti nyingine walimkamata mwenye koti la kijivu. Garini mwake walikuta mawe mawili ya kuchonga, yote ya makanisa ya mbali. Tulidhani sasa utatakata. Wapi! Watu walisema, kumbe Attracta alikuwa mshirika wake, na la tatu limeshauzwa.

Mwezi wa sita tukapanda Kilbrannagh na parokia nzima kusafisha makaburi, maana padri alikuwa anakuja kuyabariki. Packie alikuwa akifyeka upupu nyuma ya altare ya zamani. Akainua bamba la jiwe lililolala chini, akaita kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake. Chini ya bamba palikuwa na koti lako la mvua, jina lako limeshonwa kolani, na ndani ya koti ule uso. Karatasi yako ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa mkate. Packie akasoma mbele ya wote:

"Nimelitoa mimi, Attracta Gilrane, kabla hajalitoa yeye. Halijatoka kanisani. Lirudishwe ukutani mtu wa futi kamba akishaondoka kabisa."

Akaishusha karatasi.

"Endelea," Dervla akamwambia.

"Yamekwisha."

"Packie, naona mstari mwingine kwa nyuma."

Mzee akaikunja karatasi, akavuka nyasi, akampa Ultan. "Soma mwenyewe, kijana wangu. Pole."

Uliandika: "Polisi wasiambiwe. Naogopa mwanangu Ultan yumo."

Ultan ametaka haya yaandikwe hapa, kila mtu ayasome. Ni yeye aliyemwambia yule mgeni habari za Alhamisi, wakiwa baa wakinywa bia, kama unavyomwonyesha mtu mahali samaki wanapokula; nasi tunadhani ulisikia kwamba walikaa meza moja. Alifurahi kuona mtu wa mbali anapenda kwao. Hakujua. Alikuja kujua mwezi wa nne, akaona aibu, akanyamaza, akaacha jina lako liendelee kuchafuka. Kumbe wewe ulikuwa umeliacha lichafuke miezi mitano ili la kwake lisiguswe.

Alikoroga chokaa mwenyewe, akaurudisha uso ukutani. Packie alimshikia ngazi.

"Nilimwita mwizi," Packie akasema.

"Na mimi," Ultan akajibu kutoka juu.

Tulikuuliza kama umeiba, Mama. Hatukukuuliza unaogopa nini. Nawe hukumuuliza Ultan. Tulikula meza moja majira yote ya baridi, tukipitishiana siagi.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili saa tano asubuhi, na baada yake tutapanda Kilbrannagh pamoja.

Unakumbukwa na binti yako Dervla, mwanao Ultan, mdogo wako Bernadette, mjukuu wako Sadhbh, na jirani yako Packie Mulvey, ambaye alikuja mlangoni kofia mkononi kuomba jina lake liwe miongoni mwa haya.

Siku zote za maisha yetu, Mama, hutatutoka moyoni.