Vibonge vya Mama Mkwe

Mshauri, shikamoo. Nakuandikia mbio mbio maana Ijumaa inakaribia na mimi usingizi sina. Naishi na mume wangu na mama yake, kazi yetu ni kuotesha miche ya mboga nyuma ya nyumba, na hatutumii vikopo wala viriba, mama anachanganya udongo, mboji na maji, anaukandamiza kwenye kile kifaa cha chuma cha mkono, anafyatua vibonge vinne vinne kama matofali ya watoto kuchezea, anadondosha mbegu moja moja kwenye kitundu cha juu, na kazi hiyo ameifanya tangu mume wangu yuko tumboni. Sasa tangu mvua zilizopita vibonge vyake vinavunjika, vidole vimemvimba, hakandamizi tena mpaka mwisho, kibonge kikipata maji kinageuka uji, nami nikamwonea huruma, nikashindwa kumwambia mama wa watu kwamba amezeeka, basi kila akijilaza baada ya chakula cha mchana nanyata kitaluni, nabomoa vilivyolegea, nafyatua vingine, narudishia mbegu, huku nimetega sikio asije akaamka, na katika haraka hizo siku moja nikapanda nyanya kwenye trei yake ya hoho.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Miche ilipotoa majani, mama akaiangalia weee, akaniuliza, "Binti yangu, hapa si nilipanda hoho?" Nikamjibu, "Labda umesahau, mama." Ulimi wangu huu, mshauri! Siku hizi anauliza kama ameshakula, anarudi mara mbili mbili jikoni kuangalia jiko, na jana nimemsikia akimwambia mume wangu, "Mwanangu, akili yangu inaondoka. Nipeleke kwa dada yako nisije nikawaunguzia nyumba." Mume wangu alilia kama mtoto. Ijumaa anampeleka kwa daktari wa akili, na wifi anakuja kumchukua moja kwa moja. Nikisema kweli, mume ataniona mchawi, na wifi alishasema zamani kwamba nakitaka kitalu. Nikinyamaza, mama anaondoka. Nifanyeje mimi?

Mkwe mwenye hofu

JIBU

Marahaba, binti. Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote kwa sababu ya hiyo Ijumaa.

Nakuelewa. Kumwambia mama mkwe kwamba mikono yake imechoka si kazi ndogo, na wengi wangefanya ulivyofanya siku ya kwanza. Siku ya kwanza tu! Lakini hilo la "labda umesahau" nalikataa katakata. Huruma gani hiyo? Mama ameona sawasawa, amekumbuka sawasawa, ameuliza swali la mtu mzima na akili zake, wewe ukamwambia kichwa chake ndicho kibovu. Halafu unahangaika wifi atakuitaje, wakati mwenzio hajui tena kama amekula!

Usingoje Ijumaa. Leo hii, akiamka mchana, akukute kitaluni mikono imejaa udongo. Mwambie, "Mama, ulipanda hoho. Mimi ndiye niliyeweka nyanya." Anza na hayo, kabla hujajieleza na kabla hujalia. Jioni mumeo ayasikie kutoka kwako, mama akiwepo. Atafoka, mwache afoke. Wifi naye mpigie simu mwenyewe kabla hajaanza safari, na akikuita mchawi, meza.

Hospitali nendeni tu, ila mkaonyeshe vile vidole, na daktari asikie habari yote bila wewe kuficha kitu. Kitaluni mgawane kazi. Kukandamiza chuma kunataka nguvu, na nguvu unazo wewe. Kuufumbata udongo ngumini na kujua kama maji yametosha, hapo mwachie yeye, maana kwa haraka zako ungetuoteshea matope. Achanganye yeye, ufyatue wewe, mbegu apande yeye. Kibonge kikivunjika, kivunjike mnakiona wote, mcheke au mgombane.

Na ile miche ya nyanya kwenye trei ya hoho, nakuomba, usiing'oe kwa aibu. Mkabidhi aihamishie bustanini mwenyewe, pale anapopita kila asubuhi, ikue na izae, azichume kwa mkono wake, ajue kwamba siku ile alipokuuliza, macho yake hayakukosea.