Unga Mukavu na Ufunguo wa Chumba

Mukamwana wangu Furaha,

Nakusalimia toka kambini huku Uganda, ng'ambo ya Bunagana. Watoto wanakula? Bado muko nyumbani Katoyi, hapo Goma, ao mumekimbia? Huku mumoja anasema vita iko karibu na Goma, mwingine anasema imefika Sake, na simu yako haipatikani. Ulisahau kuichaji, ao nini? Mimi mutu muzima nalala na viatu miguuni.

Nilikuja Bunagana kumuona dada yangu siku tatu tu, waasi wakaingia, tukavuka mupaka. Na huku nimepata aibu. Sikiliza.

Sufuria ya jirani ilipotea. Nani akasema walete unga mukavu? Ni mimi, na domo langu hili. Kila mwanamuke atafune kijiko kimoja bila maji, mwizi atashindwa kumeza, kama tunavyofanyaga kwetu. Zamu yangu ikafika. Hapo hapo bomu ikalia, upande wa kwetu. Nikawaza watoto. Unga ukaganda kwenye ulimi kama simenti.

"Kumbe mwizi ni koko, bibi huyu!" wakapiga kelele.

Muganga wa kambi, binti wa Butembo mwenye mudomo mukali kunishinda, akaja akicheka.

"Koko, mate hayajui mwizi. Neva inatoka kichwani mpaka kwenye tezi za mate, inabisha hodi. Ndipo kalisiamu inaingia ndani ya tezi, na maji yanatoka."

"Kalisiamu gani? Si ile ya mifupa?"

"Ile ile, ya samaki wadogo sambaza na ya maziwa. Lakini ukiogopa, kichwa kinapunguza kubisha hodi. Kalisiamu inabaki nje, mudomo unakauka, hata wa padri."

Muzee mukubwa wa kambi akasema yeye haogopi kitu. Akatia kijiko mudomoni, bomu ikalia tena. Alikohoa mpaka kofia ikaanguka! Kesho yake mwenye sufuria aliikuta chini ya nguo zake mwenyewe.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikukumbuka wewe.

Mwaka ule mulima ulitapika moto, tulipokimbilia Sake tukalala kwenye darasa, kitenge changu cha ndoa kilipotea. Nilikupa unga. Ardhi inatetemeka, mimba yako ya miezi saba, na mimi nakukodolea macho mudomoni. Ulishindwa kumeza. Nikakuita mwizi mbele ya mawifi zako. Nani alichukua kitenge? Sijui mpaka leo. Unga nao haukujua.

Tangu siku ile nilikuhesabu mwizi, ndiyo maana nilipokuja huku nilifunga chumba changu nikaondoka na ufunguo. Uliniona nikifunga. Gunia la maharagi na unga viko ndani, barabara zimefungwa, mume wako Innocent amekwama Butembo na lori lake. Na wewe nakujua: utalala njaa kuliko kuvunja mulango wangu. Kichwa ngumu! Ni hiyo inanikausha mudomo kila asubuhi.

Usifikiri nimekuwa laini. Sombe yako, yale majani ya muhogo, bado ina chumvi nyingi.

Musalimie mujukuu wangu mukubwa anayekusomea barua hii, asirukeruke mistari. Musalimie jirani yetu mushonaji. Mutoto wa mwisho, yule wa mimba ya Sake, mubusu kwa ajili yangu.

Mama muuza vitunguu anayekuletea barua anazijua njia za vichochoro. Ufunguo ameushona kwenye pindo la kitenge chake. Mwambie afumue. Fungua, upike, mushibe.

Mimi mama mukwe wako, niliyeshindwa kumeza unga.