Samaki wa Baba Walioliwa na Spana

Kambini, Kiambere
Jumapili, baada ya ibada

Dada Nkirote,

Hujambo, mama watoto? Na shemeji, mgongo umemwachilia? Nimesikia mtoto bado anakohoa. Mfunike vizuri, hiyo baridi ya Kibirichia haina adabu. Mimi mwili uko sawa. Kichwa ndicho hakiko sawa, na ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya Mama. Soma ukiwa peke yako, na usikimbie kwa Mama kabla hujafika mwisho, maana nakujua.

Kwanza kazi. Najua mnaulizana huko kwa nini niliacha kupiga chapa pale shuleni Meru, kwenye kiti na kivuli, nikaja kuwa karani wa stoo kwenye kambi ya bwawa. Siku nyingine hata mimi najiuliza. Nilichoka kuandika maneno ya watu wengine, basi. Sasa kutwa nagawa gambuti na ovaroli, napokea nati na kamba, na kubishana na mafundi wanaosema koleo lilipotea lenyewe. Joto la hapa, dada, siagi unainywa. Ile sweta uliyonifumia nimeifanya mto.

Stoo nilikabidhiwa pamoja na mbwa. Sikudanganyi. Karani aliyenitangulia alinionyesha funguo, akanionyesha rafu, akanionyesha mbwa, akaenda zake. Anaitwa Spana. Ni mwekundu-mwekundu, sikio moja limelala, na analala juu ya magunia hata kukiwa na wezi. Wiki ya kwanza nilimwamrisha kwa Kimeru, ananitazama tu. Nikajaribu Kiswahili, akapiga miayo. Kumbe anasikia Kimbeere peke yake! Aliyeniambia ni Ireri, dereva wa kambi, mtu wa hapa hapa, ambaye ndiye humpikia ugali wake. Alisema neno moja tu na Spana akatoka kwenye magunia kama askari. Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikaomba nifundishwe hilo neno.

Hivyo ndivyo tulivyozoeana. Ireri ana kaka yake mwenye pikapu kuukuu ya kubebea mbuzi, na Jumamosi huwa haina kazi. Tukaanza kutoka, mimi, yeye na mbwa. Mara ya kwanza ilikuwa kuona maji tu, kule juu ya bwawa, tukala mayai ya kuchemsha. Mara nyingine alinipeleka Kanja kwa shangazi yake, na dada, nilitaka kulia: ubaridi, majani ya chai, moshi wa kuni, na yule mama akatupa githeri ya moto. Nilijisikia nimefika nyumbani ingawa sikuelewa nusu ya maneno yao. Usianze kutabasamu. Hakuna kilichosemwa. Ireri hasemi. Unaweza kwenda naye Embu na kurudi, akasema tu, "Barabara imeharibika." Mimi naye tulikuwa watu wa kutembea wikendi, na nilidhani najua hivyo.

Sasa sikiliza mkasa.

Unakumbuka nilikuja nyumbani wewe ukiwa kliniki na mtoto? Ireri ndiye aliyenileta. Alisema si vizuri kuingia kwa watu mikono mitupu, akamchukulia Baba samaki watatu wakubwa wa bwawani, wamekaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye gunia nyuma ya pikapu. Baba na samaki! Si unajua yeye huwaita nyoka wa majini? Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Ireri bila kumvunja moyo. Basi tulipofika Chuka tukasimama kunywa chai, kurudi tunakuta Spana amekaa juu ya gunia tupu akijilamba. Hakubakisha hata kichwa. Ireri alishika kiuno, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Wewe." Mimi kimoyomoyo nilimshukuru mbwa.

Meru mjini niliingia dukani kumnunulia Mama leso na sukari. Niliporudi kwenye gari nikaona kifurushi cha majani ya ndizi kwenye kiti. Nikajua ni miraa. Kwao wanatafuna muguka, miraa yao ya majani, kama sisi tunavyokunywa chai, nikadhani amejinunulia ya kumpa nguvu za kuendesha. Sikuuliza. Tulipofika nyumbani Mama alinivuta jikoni moja kwa moja, eti kuna viazi vya kumenya, na Ireri akabaki nje na Baba. Sikuona chochote, dada. Nilikuwa namenya viazi.

Ila kuna mambo niliyaona nikayapita. Baba alitusindikiza mpaka barabarani, yeye ambaye huagia mlangoni. Alimshika Ireri mkono akamuuliza kwao wako wangapi, na kama wazazi wanaishi. Aliomba dua ndefu ya safari mpaka injini ikapoa. Mama alimpa Ireri gunia zima la viazi, mbegu nzuri kabisa, na mimi akakwepa kunitazama machoni. Nikasema, wazee wetu wameanza kuzeeka.

Jana, Embu sokoni, nikakutana na Mutuma, mtoto wa shangazi, amekuja na lori la viazi. Aliniona kwa mbali akaanza kupiga kelele.

"Hongera! Shemeji yuko wapi?"

"Shemeji gani?"

"Aa, usijifiche. Baba yako amepokea kitita cha miraa. Kwa mikono miwili! Kimefungwa vile inavyotakiwa, majani ya ndizi na kila kitu. Amekiweka juu ya kabati, hataki mtu akiguse. Jumapili ya wiki ijayo wazee wanakaa kukigawana."

Nilimvuta nyuma ya magunia ya watu. Ireri alikuwa ng'ambo ya pili ananunua tairi la baiskeli, sijui, kitu fulani, hata sikuona. Mutuma akaongeza, na hili ndilo limenimaliza: "Mjomba siku hizi anapiga mluzi akikamua ng'ombe."

Nkirote, Baba anapiga mluzi. Tangu lini?

Kwa hiyo niambie wewe mwenye akili. Nimechumbiwa au sijachumbiwa? Ireri alijua au hakujua? Akiwa hakujua, nikimwambia nitaonekana nilimtega, msichana wa Kimeru aliyechelewa kuolewa amemnasa dereva kwa kitita. Akiwa alijua, na mimi nikamwambia najua hakukusudia, nitakuwa nimemkataa. Kikirudishwa Baba ataaibika mbele ya wenzake wa kanisa na ataacha kupiga mluzi. Wakikitafuna Jumapili, basi mambo yamefungwa, na mimi nitakuwa mke wa mtu ambaye alikuwa anatafuta tu kitu cha kuweka mahali pa samaki. Jana kutoka Embu nilihesabu mashimo njia nzima. Ireri akasema, "Barabara imeharibika." Nikamjibu, "Sana."

Na kitu kinachonichanganya zaidi, kinachonitia aibu hata kukiandika, ni hiki. Mutuma aliponiambia, kabla sijashtuka, kulikuwa na kitambo kidogo ambapo nilifurahi.

Naacha hapa. Spana ananililia kwa sababu ya ugali.

Jumatano

Dada, nimemwambia. Sikuweza kuvumilia, nilikuwa nimempa fundi mmoja gambuti mbili za mguu wa kushoto. Jana mchana Ireri alikuja kumlisha mbwa, nikamuuliza alimpa Baba nini siku ile.

"Miraa," akasema. "Si samaki waliliwa?"

"Uliinunuaje?"

Akafikiri. "Nilimkuta mzee pale sokoni, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya baba wa msichana, nampeleka kwao. Akaniuliza, una hakika? Nikasema nina hakika. Kwani ningesema nini? Akawaita wenzake. Wakanitazama wote. Mmoja akaenda kutafuta majani ya ndizi, wakafunga polepole kama wanamfunga mtoto mgongoni. Halafu wakaniombea."

"Wakakuombea!"

"Nilifikiri ninyi mnaombea miraa yote."

Nilicheka mpaka nikaketi chini, kisha nikamweleza. Kwamba kwetu kitita kilichofungwa namna ile hakipelekwi kwa mzee mwenye binti kwa ajili ya kutafuna. Kwamba ndicho kinachomwombea msichana. Kwamba mzee akikipokea amekubali mazungumzo, na ndugu zake wakikigawana neno limetoka nje ya nyumba. Hata Baba, ambaye aliacha kutafuna tangu alipowekwa mzee wa kanisa, hicho hawezi kukikataa kwa sababu ya dini.

Ireri alikaa juu ya ndoo. Spana naye akakaa, kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa.

"Na mzee alipokea kwa mikono miwili," akasema. "Nilimwona. Nikasema, huyu mzee ana heshima sana."

Nikaona aibu ikinipanda. Nikasema haraka haraka, "Usijali. Ni makosa tu. Nitaandika nyumbani wakirudishe, na hakuna ubaya."

"Kikirudishwa, maana yake nini?"

"Maana yake umekataliwa."

Akaniangalia. "Na nimekataliwa?"

"Kwani uliuliza?" nikamjibu. Ulimi wangu huu, dada! Akasimama, akachukua ile sufuria ya mbwa, akaondoka. Nilikaa stoo mpaka jioni nikipanga nati zilizokuwa zimepangwa tayari. Nililia kidogo, nisikufiche. Nilijua kwamba jambo ninaloliogopa si kuwa nimechumbiwa. Naogopa kuambiwa sikuchumbiwa.

Leo asubuhi amekuja kuchukua jeki. Amesaini, hakuondoka. Alisimama pale mlangoni akigeuza kofia.

"Usiandike wakirudishe," akasema. "Na usiandike wakitafune. Nilikosea njia, lakini nyumba sikukosea. Nataka nirudi niulize mwenyewe, nikijua ninachouliza. Na kwanza nakuuliza wewe, kwa sababu huko sokoni waliuliza kila mtu isipokuwa wewe."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema siku moja. Nilitaka kumjibu vizuri, kama watu. Badala yake nikasema, "Jeki hiyo irudishwe kabla ya saa kumi." Akasubiri. Ndipo nikasema ndiyo. Nilisema kwa Kiswahili, halafu kwa Kimeru, halafu kwa lile neno moja la Kimbeere ninalolijua, ambalo kwa kweli ni la kumwita mbwa. Spana akaja.

Bado nimechanganyikiwa, usidhani nimepona. Sijui kama anakuja kwa sababu anataka au kwa sababu ni mtu wa haya. Sijui nitaishi wapi, kwenye joto au kwenye viazi. Sijui kwao wanaanza na nini. Ananiambia mambo ya asali na mbuzi na mimi naitikia tu. Ila mchana huu nimemkuta nyuma ya stoo anafanya mazoezi ya kumwamkia Baba. "Muga," anamwambia Spana, "muga, mzee." Mbwa anamtazama vile alivyokuwa ananitazama mimi wiki ya kwanza.

Kesho Ireri anakwenda Embu kuchukua vipuri, na Mutuma atakuwa sokoni na lori lake, basi Ireri ndiye atakayempa barua hii. Kwa hiyo ukiipata, nakuomba, vaa viatu uende nyumbani kabla wazee hawajakaa. Mwambie Mama kwanza, jikoni. Halafu Mama amwambie Baba hivi: kile kitita asikirudishe, na asikigawe. Akiache hapo hapo juu ya kabati kikauke. Kinakuja kingine kibichi, na kitaletwa na mtu anayejua amebeba nini. Kama Baba mkubwa atauliza mila hiyo imetoka wapi, mwambieni imetoka Kiambere. Na kama Baba atataka kujua mimi nasemaje, mwambie aendelee tu kupiga mluzi.

Nisalimie Mama, na asante kwa zile mbegu. Nilizipanda hapa nyuma ya stoo na zikaiva ardhini kabla hazijaota. Nisalimie shemeji na mgongo wake, nyanya kule kwa mtoni, na yule jirani wa kanisani aliyekuwa akiniombea mume kwa sauti. Mtoto mbusu kwenye kikohozi.

Ni mimi mdogo wako, karani wa stoo, niliyechumbiwa mara moja kwa makosa na mara moja kwa kusudi,

Kanana

Nimesahau. Spana tunakuja naye. Nilisema tumwache, Ireri akakataa. Anasema bila huyo mbwa, Baba angepokea samaki.