Nyumba Isiyokata Mgomba

Kashai, Bukoba
Machi 1989

Dada Kokushubila,

Huku mvua zinanyesha, na kahawa ya Mama inachanua. Ofisi yetu ndogo ya kuchora ramani bado ipo, ingawa wanaojenga ni wachache.

Ile nyumba ya Mama kule Izigo, niliyoichora ikipinda huku na huku ili kibanjani, katika shamba letu la migomba, tusikate mgomba hata mmoja, msingi wake haujachimbwa. Migomba tumeikata hata hivyo kupisha makaburi, tukamzika kaka Pastory, kisha mkewe.

Sasa mke wangu Klaudia naye amekonda kama walivyokonda wao. Jana alinitazama nikichonga penseli, akasema, "Baba Rozi, na mimi nichoree mahali pasipokatwa mgomba."

Karatasi iko mezani, dada. Sijui nianzie wapi.

Nduguyo,
Datius