Valary Anangoja Neno Lako Kuhusu Chuo

Kawangware 46,
Nairobi.
14 Machi 1998.

Mpendwa kaka Mukhwana,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, ila mvua hii tangu mwaka jana imegoma kwenda kwao, na paa linavuja pale pale nilipoweka cherehani. Mama anaendeleaje na goti lake? Na wewe, umeacha tumbako kama daktari alivyosema, au bado unamkimbia daktari?

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Unasema harambee ya Valary iko karibu, mchungaji ameshatangaza, na dume la kuchinja umeshalitenga. Kaka, hukungoja hata tukujibu! Lakini ndivyo ulivyo tangu utotoni, unafika sokoni kabla ya wenye soko. Nakushukuru kwa moyo wangu wote. Ila ninayo habari, na naomba uisome mpaka mwisho kabla hujatafuta kofia yako uje Nairobi.

Valary hataki kwenda chuo kikuu.

Tulia kwanza. Hata mimi nilipiga kelele mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Mtoto amengoja kuitwa tangu amalize kidato cha nne, unajua vyuo vyetu na migomo yao, na sasa ameitwa kusomea digrii ya kilimo cha maua, naye anasema atabaki na kompyuta! Alijifunza wakati huo wa kungoja, na sasa ameajiriwa kwenye kliniki moja kule Kibera, upande wa Soweto. Kanisani mimi nilikuwa nikisema binti yangu anapiga taipu. Nilidhani kompyuta ni taipureta iliyowekewa televisheni.

Basi nikajifunga leso kiunoni, nikaenda kumtoa.

Nilikuta kliniki nzima inacheka. Kumbe Valary ndiye aliyeandika programu ya kutafuta habari za wagonjwa: unataja jina, kompyuta inaonyesha ugonjwa na dawa. Asubuhi hiyo mama mmoja alileta binti yake mchanga, Akoth, apigwe sindano. Kompyuta ikasema Akoth ni nyanya mwenye presha, apunguze chumvi. Valary alikuwa ameiagiza itafute jina peke yake, na Wajaluo nao ni kama sisi, mtoto wa kike aliyezaliwa mvuani ni Akoth. Kwa mvua za mwaka huu, Kibera imejaa akina Akoth wa kunyonya. Mtoto wa Mbukusu, aliyekua katikati ya akina Nafula wetu wa mvua, akasahau jambo hilo! Nilimwonea aibu na huruma pamoja.

Mkubwa wake anaitwa Mulwa, kijana mpole mwenye digrii ya mambo hayo hayo. Hakumfokea. Alimwambia kila mgonjwa apewe namba yake, akamwonyesha inavyofanywa. Valary akabishana: "Sawa, tuweke namba. Lakini kadi za kuandikia namba zinalowa, boss, nyumba zinavuja. Tuongeze jina la mama yake na mahali anakaa." Wakainama juu ya ile mashine, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Mimi nilikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka foleni ikaisha, na leso nikaifungua bila kujijua. Kaka, sijawahi kumwona mtoto wangu akiwa na furaha kama ile, na nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Nilimuuliza Mulwa wazi, bila digrii huyu atafika wapi? Akasema: "Mama, siwezi kukudanganya. Kuna maofisi watauliza degree hata kabla akae chini. Mimi yangu ilinisaidia sana. Lakini hii kazi ukishapewa, watu wanaangalia tu kama kitu inafanya. Na hiyo course ameitwa ni ya maua." Amekubali Valary atoke mapema akasome diploma ya kompyuta jioni mjini. Anasema pia kazi ni nyingi, maana makampuni yote yanaogopa mwaka 2000 utavuruga kompyuta zao.

Mume wangu Shivachi, unamjua ni fundi wa kujenga, si mtu wa maneno, alisema tu: "Mimi hakuna mtu ameniuliza cheti. Wanaangalia ukuta kama imesimama."

Sikufichi, hofu bado ninayo. Kliniki inaweza kufungwa, Mulwa anaweza kuhama. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mimi sijui tena mbachao ni upi. Najua tu kwamba natumaini, na sijatumaini hivi kwa siku nyingi.

Harambee usiivunje. Waambie watu mtoto atasoma jioni, na dume lichinjwe vilevile. Atakuja kwako Ijumaa, akae mbele yako kama desturi yetu inavyotaka, kwa sababu wewe ndiwe khocha wake, mjomba mwenye neno. Ameniambia hivi: "Mum, uncle akisema niende chuo, nitaenda. Bila baraka yake siwezi."

Nisalimie wifi yangu Naliaka na mtoto wenu Daisy, na umwambie mama sweta yake iko tayari, Valary atakuja nayo.

Kaka, huyu mtoto si mbishi. Ukimwambia aende chuo, hatalia mbele yako. Atakushukuru, atafunga sanduku lake, na atakwenda kusoma maua miaka yote hiyo bila kulalamika hata siku moja. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kwa hiyo kabla hujatamka neno, mwombe akueleze hiyo kazi yake, nawe umtazame uso anapoeleza.

Mungu akutunze na akupe hekima Ijumaa hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kila siku,
Rosebella